PhET kwa mwalimu aliye mafunzoni: baada ya vipindi 6 vya umeme

Ninasomea ualimu wa fizikia, na huu ni mzunguko wangu wa pili wa mazoezi ya kufundisha. Mapitio haya nawaandikia wenzangu walioambiwa na msimamizi "weka teknolojia kwenye somo", kisha wakaachwa hapo. Kwa wiki 3 nimefundisha mada ya umeme kwa darasa la wanafunzi 42, nikitumia uigaji (simulation) mmoja tu wa PhET, uitwao Circuit Construction Kit: DC. Ni ule wa kujenga sakiti za umeme kwenye skrini. Sijatumia chombo kizuri kama hiki tangu nianze chuo. Lakini ni kwa chombo hiki hiki nilifundisha kipindi kibovu kuliko vyote nilivyowahi kufundisha, na kosa lilikuwa langu, lilikuwa kwenye andalio. Nitaeleza yote mawili, maana ukisoma sifa peke yake utatumbukia nilikotumbukia mimi.

PhET ni mradi wa uigaji wa sayansi na hisabati wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, Marekani. Ulianzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mwanafizikia ambaye mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa ameshiriki Tuzo ya Nobel. Ulianza na fizikia, na leo una pia kemia, hisabati, biolojia na sayansi ya dunia. Uigaji wote ni bure, na mwanafunzi hahitaji kufungua akaunti.

Hilo la akaunti usilipite haraka. Katika mzunguko wangu wa kwanza wa mazoezi nilitumia programu nyingine, ya maswali ya mashindano, iliyodai kila mwanafunzi aingie kwa barua pepe na nywila. Kipindi kilikuwa cha dakika 40. Dakika 25 ziliishia kwenye nywila zilizosahaulika, na wanafunzi wawili hawakufanikiwa kuingia kabisa, wakakaa wakitazama wenzao. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa chombo chochote cha darasani ni hili: kuna hatua ngapi kati ya mwanafunzi kukaa kwenye kiti na mwanafunzi kuanza kufikiri? Kwa PhET ni moja. Unafungua, unaanza.

Jambo jingine ni kwamba kila uigaji wa HTML5, yaani ulioandikwa kwa lugha ya kurasa za wavuti za sasa, ni faili moja. Unalipakua penye intaneti, unalihamisha kwa flashi, na linafunguka kwenye kivinjari cha kawaida bila mtandao wowote. Nililinakili kwenye kompyuta 9 za maabara wakati wa mapumziko ya asubuhi na bado nikapata nafasi ya kupumua. Angalia tu usiokote matoleo ya zamani kwenye flashi za watu. Baadhi yaliandikwa kwa Flash, programu ya zamani ya Adobe ya kuonyesha michoro inayosogea (si flashi ya kuhifadhia mafaili), na Adobe iliacha kuihudumia mwisho wa mwaka 2020, kwa hiyo vivinjari vya sasa havitayafungua.

Sasa uigaji wenyewe. Pembeni kuna kapu la vifaa: waya, betri, balbu, kikinza (kifaa kinachozuia mkondo kiasi), swichi, pamoja na vitu vya kawaida kama penseli, kifutio na kibanio cha karatasi, ili mwanafunzi ajaribu mwenyewe kipi kinapitisha umeme na kipi hakipitishi. Unaburuta kifaa hadi katikati ya skrini, na ncha mbili zikikaribiana zinashikana zenyewe. Ukitaka kuziachanisha, unagusa kiungo na alama ya mkasi inajitokeza. Betri inaanza na volti 9, balbu na kikinza vinaanza na ohm 10, na unaweza kubadilisha namba hizo kwa kitelezi. Sakiti ikikamilika balbu inawaka, na nukta za buluu, ambazo ni elektroni, zinaanza kusogea ndani ya waya. Zinasogea zote kwa wakati mmoja, sakiti nzima. Kumbuka neno hilo, "zote", nitalirudia.

Kuna kitufe kimoja nakipenda kupita vingine vyote. Kinageuza picha za vifaa kuwa alama za mchoro wa sakiti, na kuzirudisha. Kwa miaka mingi tumechora mistari miwili ubaoni, mmoja mrefu mmoja mfupi, tukawaambia watoto "hii ni betri", nao wakakubali kwa heshima tu. Nilipobofya kitufe hicho mbele ya darasa, betri waliyokuwa wakiitazama ikageuka mistari miwili palepale ilipokuwa, na balbu ikaendelea kuwaka katika umbo la alama. Niliwasikia wakiguna. Nikawaomba wanikataze kukirudisha hadi mtu wa kila kikundi aeleze kila alama ni nini. Zoezi hilo lilichukua dakika 4, na sikulazimika kufundisha alama za sakiti tena.

Nije kwenye kipindi kibovu. Kilikuwa cha kwanza. Nilikuwa nimetayarisha karatasi ya maelekezo yenye hatua 14, imepigwa chapa vizuri, kila kikundi nakala yake. Hatua ya 1, buruta betri. Hatua ya 2, buruta waya. Hatua ya 9, weka ammita, kipimo cha mkondo wa umeme, na usome. Hatua ya 10, andika jibu kwenye jedwali. Niliogopa fujo. Niliwaza kwamba watu 42 wakiachiwa kompyuta watacheza, kwa hiyo nikaziba kila mwanya. Vijana wawili walipounganisha waya moja kwa moja kati ya ncha mbili za betri, na skrini ikaonyesha betri inawaka moto, niliwakemea na kuwarudisha kwenye hatua ya 5. Darasa lilitulia, vikundi vyote vikamaliza kwa wakati, na majedwali yalijaa namba sahihi. Msimamizi kutoka chuoni alikuwa amekaa nyuma, na kwenye fomu yake, kwenye kipengele cha matumizi ya TEHAMA, nilipata alama zote.

Kabla ya kengele niliwapa kipande cha karatasi chenye swali moja: mkondo wa umeme baada ya kupita kwenye balbu ni mkubwa kuliko ulivyokuwa kabla, ni mdogo, au ni ule ule? Nilizisoma jioni. Karatasi 29 kati ya 42 zilisema ni mdogo, kwa sababu balbu "imekula" sehemu yake. Watoto hao hao dakika chache kabla walikuwa wameandika kwenye jedwali, kwa mkono wao wenyewe, ampea 0.90 kabla ya balbu na ampea 0.90 baada ya balbu.

Mwalimu wangu mlezi amefundisha fizikia kabla mimi sijazaliwa. Mbele ya wanafunzi huniita Mwalimu, na tukiwa ofisini huniita mwanangu. Nilimpelekea zile karatasi nikitegemea anipe pole. Akachukua andalio langu la somo, akalisoma lote kimya, kisha akasema, "Mwanangu, nionyeshe hapa mahali ambapo mtoto anafikiri."

Nilitafuta. Hatua zote 14 zilianza na vitenzi vya mikono: buruta, unganisha, bofya, soma, andika.

"Hakuna, Mama," nikasema.

"Basi anza hapo. Kompyuta iache kwanza."

Chuoni tulikuwa tumeshasoma jambo hili, ila kwangu lilikuwa la kukariri kwa ajili ya mtihani. Mwaka 1986 Lee Shulman, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alieleza kwamba haitoshi mwalimu kuijua mada na kuzijua mbinu za kufundisha kila kimoja kivyake. Kuna ujuzi wa tatu, wa kujua mada hii hasa inafundishika vipi, inawakwaza wapi wanafunzi, na mfano gani unawafungua. Mwaka 2006 Punya Mishra na Matthew Koehler wakaongeza teknolojia kwenye hesabu hiyo, na mfano wao ukajulikana kwa jina la TPACK. Huchorwa kama duara tatu zinazopishana, ya mada, ya mbinu za kufundisha na ya teknolojia, na chuoni nilikuwa nimezichora mara nyingi, kwa rangi. Kwenye hatua zangu 14 nilikuwa na duara mbili. Nilijua umeme, na nilijua kuendesha kompyuta. Sikuwa nimejiuliza wanafunzi hukwama wapi wanapojifunza umeme.

Na jibu lipo, wala halijafichwa. Watafiti wa ufundishaji wa sayansi wamekuwa wakiandika kuhusu dhana hizi tangu miaka ya 1980. Wapo wanafunzi wanaodhani waya mmoja unatosha, umeme ukitoka kwenye betri unaingia kwenye balbu na kuishia humo. Wapo wanaodhani mikondo miwili inatoka pande zote mbili za betri na kugongana ndani ya balbu, na mwanga ndio mgongano wenyewe. Na wapo wale 29 wangu: mkondo unazunguka, lakini kila kifaa kinamega kipande. Dhana hizi hazitokani na uvivu. Mtu anayelipia umeme anasema ameutumia, na tunasema betri imeisha. Mtoto amechukua lugha ya nyumbani akaijengea fizikia. Hawezi kuiacha kwa sababu tu ammita imesema 0.90 mara mbili, kwa kuwa hakuna aliyemwomba azikutanishe namba hizo na alichokuwa akikiamini.

Usiku huo nilipanga kipindi cha pili kwa kuanzia mwishoni. Niliandika kwanza swali ambalo jibu lake lingeniridhisha: balbu mbili zinazofanana ziko kwenye mfuatano, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, pima mkondo sehemu tatu, kabla ya balbu ya kwanza, katikati ya balbu, na baada ya ya pili. Panga visomo hivyo kuanzia kikubwa hadi kidogo, au sema vinalingana, na utoe sababu. Baada ya hapo tu ndipo nilijiuliza uigaji uingie dakika ya ngapi, na wa kazi gani. Mbinu niliyochagua ni ile ya tabiri, tazama, eleza, iliyoelezwa na Richard White na Richard Gunstone mwaka 1992. Nguvu yake yote iko kwenye neno la kwanza. Mwanafunzi anaandika utabiri wake kwa kalamu, na sababu yake, kabla skrini haijawashwa. Akishauandika, namba itakayotokea haimwachi vile vile, kwa sababu kuna kitu chake kiko hatarini.

Kipindi kilianza na skrini nyeusi. Waliandika. Kisha nikawaomba wasimame kwa makundi kulingana na utabiri wao, na kona ya "kikubwa, cha kati, kidogo" ikajaa hadi wakabanana. Kijana mmoja mwenye sauti akatetea vizuri sana kwamba balbu ya pili itafifia, maana inapata mabaki. Nilijizuia kusema lolote, na kunyamaza huko ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizofanya katika wiki hizo 3.

Nilipowaruhusu kuwasha kompyuta, dakika 7 za kwanza niliwaachia bila maelekezo yoyote. Hapa nimefuata ushauri wa PhET wenyewe, ambao nilikuja kuusoma baada ya kushindwa. Miongozo yao kwa walimu inasema toa maelekezo machache kadiri inavyowezekana kuhusu namna ya kutumia uigaji, na elekeza nguvu kwenye maswali yanayodai maelezo. Uigaji umejengwa ili mwanafunzi agundue vitufe mwenyewe. Karatasi yangu ya hatua 14 ilikuwa inafanya kazi ambayo uigaji ulishaifanya, na ilikuwa inaifanya vibaya.

Kama nilivyotarajia, dakika ya 2 betri zikaanza kuwaka moto kwenye vikundi karibu vyote. Safari hii sikukemea. Nilisimamisha darasa na kuuliza: nani anaweza kuniambia moto huu umesababishwa na nini, na nani anaweza kuuzima bila kuondoa betri? Wale vijana wawili wa juzi ndio walionyoosha mikono kwanza. Mmoja alisema umeme umepata njia isiyo na kizuizi. Mwingine akaweka kikinza kwenye njia hiyo na moto ukazimika. Hiyo ni shoti, imefundishwa na watoto niliokuwa nimewagombeza kwa kuigundua. Niliwaomba radhi mbele ya wenzao. Na papo hapo nikawaambia, kwa uzito wote niliokuwa nao, kwamba moto wa skrini hauunguzi ila wa kweli unaunguza, na kwamba umeme wa ukutani haujaribiwi hata kidogo.

Kisha tukarudi kwenye utabiri. Balbu mbili za ohm 10 kwenye mfuatano, betri ya volti 9. Ammita ya kwanza, 0.45. Katikati, 0.45. Baada ya balbu ya pili, 0.45. Kukawa kimya, halafu kelele. Binti mmoja wa kikundi cha nyuma hakuamini, akaongeza balbu ya tatu ili "kuilazimisha", na ikaja 0.30 kila mahali. Yule kijana mwenye sauti aliinuka kwenda kuangalia skrini ya kikundi kingine akidhani yao imeharibika. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nimelitayarisha: "Mwalimu, mkondo ukiwa bado haujafika kwenye balbu ya pili, umejuaje kwamba upungue?"

Sikujibu. Niliwaambia watazame zile nukta za buluu na mmoja afungue swichi. Nukta zilisimama zote. Akaifunga, zikaanza kusogea zote. Hakuna ya mbele iliyotangulia, hakuna ya nyuma iliyosubiri. "Ni kama mnyororo wa baiskeli," akasema mtu, na sikuwa mimi. Ukiushika mnyororo popote, unakwama kila mahali. Nimefundisha kwa ubao na chaki katika mzunguko wa kwanza, na najua kwa hakika kwamba ubao haungeweza kunipa dakika ile. Jambo lenyewe halionekani kwa macho, na mchoro uliotulia hauwezi kuonyesha kwamba kila kitu kinaanza pamoja. Ukiniuliza teknolojia iingie lini kwenye somo, nitakujibu hapo, palipo na kitu ambacho mwanafunzi anahitaji kukiona na hakuna njia nyingine ya kukiona.

Vipindi vilivyofuata vilikwenda vizuri na sitavieleza vyote. Kwenye sakiti sambamba, ambamo kila balbu ina njia yake, walitabiri kwamba kuongeza balbu kutafifisha ile ya kwanza, wakakuta kila balbu inapata 0.90 na betri inatoa 1.80. Kwenye nguvu ya umeme walitabiri kwamba balbu mbili za mfuatano zitatoa nusu ya mwanga kila moja, hesabu ikatoa takriban wati 2 dhidi ya wati 8.1, yaani robo. Hilo lilizua ubishi hadi nje ya darasa.

Upande wa mipaka, mengi niliyoyaona si kasoro za utengenezaji. Ni mambo ambayo kila mfano wa kitu halisi lazima uyaache, na mwalimu asipoyataja mwanafunzi atayachukua kama ukweli. Elektroni kwenye skrini zinakwenda kwa kasi unayoweza kuifuata kwa kidole. Katika waya wa kawaida wa shaba zinajongea chini ya milimita moja kwa sekunde, polepole kiasi cha kushangaza, na idadi yake haihesabiki. Ukinzani wa balbu ya kawaida kwenye uigaji hautetereki, ilhali uzi wa balbu halisi ukipata joto ukinzani wake unapanda. Na waya wa skrini hauna kutu wala haulegei.

Hilo la mwisho tuliliona kwenye kipindi cha 5, nilipoleta betri, waya na balbu za kushikwa mkononi. Kikundi kilichokuwa hodari kuliko vyote kwenye kompyuta kilikaa dakika 10 na balbu isiyowaka. Mchoro wao ulikuwa sahihi kabisa. Kiungo kimoja kilikuwa hakijashika. Walilazimika kujifunza kutafuta hitilafu kipande kwa kipande, na hakuna uigaji ungewafundisha hilo kwa vidole. Najua utafiti wa Noah Finkelstein na wenzake wa mwaka 2005, uliofanyika katika chuo hicho hicho cha Colorado, uliokuta kwamba wanafunzi waliotumia uigaji wa sakiti badala ya vifaa halisi waliwashinda wenzao kwenye maswali ya dhana na hata kwenye kujenga sakiti halisi. Ni matokeo yanayotia moyo, hasa kwa shule ambayo vifaa vyake haviwatoshi wanafunzi. Lakini walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na mimi, baada ya kuona nyuso za kikundi kile balbu ilipowaka mwishowe, sitaondoa waya halisi kwenye mada hii.

Kwenye simu za skrini ndogo vifaa vinabanana na vidole vinaziba unachokiangalia. Kompyuta au kishikwambi ndiyo mahali pake. Kama una kompyuta moja na projekta usikate tamaa, kwa sababu utabiri kwa kalamu, kura ya mikono na mjadala wa jirani kwa jirani vinafanya kazi vile vile. Nimejaribu kipindi cha 6 hivyo baada ya maabara kuchukuliwa na darasa lingine, na sikuona darasa likipoa.

Vikundi vya watu 4 au 5 vina shida yake: mmoja anang'ang'ania kipanya, wengine wanakuwa watazamaji. Kanuni niliyoiweka ni kwamba aliyeshika kipanya haruhusiwi kuamua. Anafanya anachoambiwa na wenzake tu, na anayemwambia lazima aseme kwa nini. Kila dakika 5 kipanya kinahama. Kanuni hiyo ilibadilisha mazungumzo ya vikundi kuliko kitu kingine chochote nilichokifanya, na haihitaji umeme.

Kwa walio mafunzoni kama mimi, ninaupendekeza uigaji huu bila kusita. Usianze na orodha ndefu ya programu, kama nilivyofanya mwaka wa kwanza nilipokuwa na 11 kwenye daftari na sikuijua hata moja vizuri. Chukua uigaji mmoja, ukae nao jioni mbili ukiuharibu kwa makusudi, hadi ujue mwanafunzi wako ataharibu wapi. Ukizoea wenye ammita inayopima bila kugusa, jaribu toleo dada liitwalo Virtual Lab, ambalo ammita zake lazima ziingizwe ndani ya sakiti yenyewe, kama za kweli. Ukifungua akaunti ya mwalimu, bure pia, utapata maandalio ya walimu wengine. Nimeyasoma mengi. Mazuri ni yale yenye maswali machache, na nimeanza kuyatambua kwa kuangalia vitenzi.

Nilirudia lile swali la karatasi mwishoni mwa kipindi cha 6. Waliosema mkondo unapungua walikuwa 5. Nimeziweka karatasi zao pembeni, kwa kuwa nataka kukaa na kila mmoja. Lakini karatasi iliyonikosesha usingizi ni ya yule binti aliyeongeza balbu ya tatu. Alijibu vizuri, mkondo ni ule ule, na sababu yake ilikuwa kamili. Kisha chini, kwa herufi ndogo, akaandika: "Kama mkondo haupungui, betri inapoisha inaisha nini?"

Uigaji hauwezi kumjibu. Betri ya PhET haiishi, ukiiacha usiku kucha utaikuta bado ina volti 9. Kwa hiyo kipindi cha Jumatatu hakina kompyuta. Nimekusanya betri kavu, mpya na zilizochoka, na voltimita 3, na moja ya zile zilizochoka nimeshaipasua mwenyewe ili waone zinki ilivyoliwa. Andalio lina swali moja juu, kwa maneno yake, na chini yake nimeacha nafasi ya utabiri.